Kwa Ncha ya Kidole

Magwagwa, 3 Juni 1975

Mjukuu wangu Nyamusi,

Salamu nyingi kama majani ya chai. Hapa wote wazima isipokuwa mimi. Kemuma wa jirani ndiye ananiandikia. Tangu homa ile chakula kimenishinda. Kijiko kikikaribia nageuza uso. Daktari asema nisipokula sitafika mbali. Chumvi nimekula nyingi, siogopi, ila natamani kukuona. Omba ruhusa uje.

Nyanya yako, Mong'ina

Nairobi, 9 Juni 1975

Nyanya mpendwa,

Pokea salamu za heshima. Mimi mzima, ila barua yako imeniliza, na ruhusa nimenyimwa. Ofisini kumeletwa kompyuta, mashine kubwa kama kabati. Haiwezi kazi yoyote kabla ya kuingiziwa programu yake kuu, yaani amri zilizoandikwa kwa vitundu kwenye utepe wa karatasi. Kifaa chake cha kusoma utepe kilivunjika safarini. Tumeazima kingine, lakini mashine haikijui. Mkubwa wetu amesema hakuna wa kuondoka mpaka ifanye kazi. Tafadhali kunywa uji, hata kidogo. Nisubiri.

Mjukuu wako, Nyamusi

Nairobi, 17 Juni 1975

Nyanya,

U hali gani? Hujanijibu, na moyo wangu haujatulia. Mashine imekubali. Mbele yake kuna swichi ndogo. Tumeziwasha na kuzizima kwa kidole, amri moja moja, tukaifundisha jambo moja tu: kukitumia kile kifaa cha kuazima. Ilipojua hilo, ikameza utepe wote yenyewe.

Nilikukumbuka. Si uliniambia nilipozaliwa sikuweza kunyonya, ukawa unanilambisha maziwa kwa ncha ya kidole mpaka nikajua? Nimepewa wiki mbili. Nakuja Jumapili. Mwambie Kemuma afiche kijiko.

Mjukuu wako, Nyamusi

Magwagwa, 20 Julai 1975

Mjukuu wangu,

Habari za huko tangu urudi kazini? Hapa hatujambo, na safari hii nami nimo. Kemuma anataka niseme ukweli. Ule uji wa wimbi ulionilambisha siku ya kwanza nilitaka kuutema. Kisha nikaona kidole chako kinatetemeka, nikakuhurumia, nikameza.

Sasa nashika kikombe mwenyewe na kukimaliza. Lakini ukija Desemba, nitajifanya nimesahau.

Nyanya yako, Mong'ina