Mzee wa Dirishani, Stesheni ya Saranda

Bibi mke wangu, shikamoo!

Mumeo leo napanda treni, siyo nyie wa Nangwa mnaoijua kwa picha. Stesheni hii ni ya mawe, ya tangu Wajerumani. Mchana huu nilikaa benchini peke yangu, mara mzee akakohoa nyuma ya dirisha la tiketi lililozibwa kwa ubao. Kwa ulivyonilea, nikatoa shikamoo.

"Marahaba," akaitikia, akakutaja kwa jina lako la usichana. "Anakuja lini?"

Nikachungulia kwenye upenyo wa ubao. Ndani ni ukuta wa matofali tu! Ila mimi ni dume, nikamjibu, "Haji huyo, ana mahindi ya kupalilia."



Basi palilia polepole, kipenzi changu. Usiyamalize.

Mumeo, Bayo