Ngamia Niliyempoteza Garissa

Dada Mkawasi,

Nakusalimu kutoka Garissa, ambako jua halina adabu na maziwa ya ngamia yana ladha ya moshi. Mhariri anasubiri makala ya kwanza ya safu yangu mpya, "Peke Yangu Nyikani". Isipompendeza, narudi mahakamani kuandika kesi za wezi wa kuku.

Jana asubuhi nilitembea porini nje ya mtaa wa Galbet, daftari mkononi, nikitafuta huo upweke. Wachungaji watatu wakanifuata. Huku, mtu anayetembea bila mifugo bila shaka amepotelewa na ngamia.

"Yako iko na alama gani?" akauliza mkubwa wao.

"Sina ngamia. Naangalia nchi tu."

Wakatazamana kwa huruma. Mkubwa akanifariji kwa lafudhi yake ya Kisomali: "Usione haya, walaal, ndugu yangu. Ngamia nabotea kila mtu."

Walikataa kuniacha na msiba wangu. Adhuhuri nikasalimu amri, nikabuni: jike, mwekundu, sikio la kushoto limekatwa. Wakaondoka mbio kumtafuta. Nikakaa chini ya mgunga, nikaandika makala nzima kuhusu utulivu.

Alasiri wakarudi na ngamia jike, mwekundu, sikio la kushoto limekatwa.

Leo nazunguka Galbet nikimvuta kwa kamba, nikiuliza ni wa nani. Watu wananiheshimu, sasa nina kazi inayoeleweka. Makala ingali mfukoni. Ni vigumu kuituma huku shahidi akinipumulia shingoni.

Mkumbatie Mama. Mungu awanyeshee mvua tunayoikosa huku.

Kaka yako,
Mwadime