Mtu Mzito Mbele

Mardhiya mwanangu,

Wali umo sufuriani, samaki nimemfunika kawa, mwangalie paka. Kuku wafungie kabla ya magharibi. Mimi nimetangulia Kerege harusini kwa lori la mkaa.

Lile tela la kulala, baba yako alilonunua kwa Mzungu wa katani, ili tulale humo huko harusini, limeishia kona ya msikiti. Fundi Kitwana alimwonyesha vyuma viwili vya kuungia: kulabu tupu, na kile chenye springi kinachogawa uzito hadi magurudumu ya mbele. Baba yako akasema kulabu ni kulabu. Basi tela likakalia mkia wa gari, pua ikatazama mbinguni, usukani ukawa pambo.

Fundi akamwambia, "Kwa leo, weka mtu mzito mbele." Baba yako akaenda kumwita Shehe Mwinyijuma! Mzee wa watu, mwembamba kama mswaki, akaketishwa juu ya boneti na joho lake na bakora yake. Pua ya gari haikushuka hata kidogo. Wapita njia wakapanga foleni kumbusu mkono.

"Mzito wa kilo, bwana!" fundi akapiga kelele. Hapo wote, hata Shehe, wakanigeukia mimi.

Mwambie baba yako sirudi. (Hapo nimekata kwa kalamu. Nitarudi Jumapili.) Mwambie achukue chenye springi. Uzito wa nyumba hii nimeubeba miaka yote bila kuitwa mtu mzito. Leo nimeitwa, na cheo chenyewe ni boneti.

Mama yako