Tiki ya Kijani

Alhamisi, 5 Machi

Siku gani hii! Nimefika ofisini, nafungua Kabati — hivyo ndivyo tunavyouita ule ukurasa wa mtandao tunamohifadhi mafaili yote ya mahakama — badala ya mafolda nakuta boksi la kijivu. Eti plagini, kile kiprogramu cha kupitishia mafaili, imezuiwa kwa usalama wangu. Usalama wangu! Brauza imejisasisha yenyewe, haikuuliza mtu. Na bila kile kiplagini Kabati halipokei kitu wala halitoi kitu.

Na leo ndiyo siku ya mshonaji.

Mheshimiwa hakimu kasema shahidi huyu harudishwi nyumbani, atoe ushahidi, mimi nirekodi kama kawaida, mambo ya Kabati nitajua mwenyewe baadaye. Sawa. Mama wa makamo, vidole vimejaa alama za sindano. Ndiye pekee aliyetoka hai kwenye chumba cha cherehani kiwanda kilipoungua. Wenzake wanne hawakutoka. Mwanzoni sauti ilimkwama kabisa. Nilikuwa karibu naye narekebisha maikrofoni, nikamnong'oneza maneno mawili matatu, akaanza. Saa moja na dakika ishirini! Amesema nani aliufunga mlango kwa nje, na kwa amri ya nani. Mwenye kiwanda, ndiye mshtakiwa, alikuwa akimkodolea macho muda wote.

Mchana wote nimepigana na brauza. Nimeingiza anwani ya Kabati kwenye orodha ya kurasa za kuaminiwa, nimeshusha ulinzi mpaka chini kabisa, nimebonyeza Ruhusu, Ruhusu, Ruhusu. Saa kumi na moja kasoro likafunguka. Nimepakia sauti moja kwa moja kutoka kwenye kinasa sauti, tiki ya kijani imetokea, jina la faili limekaa mahali pake. Alhamdulillahi.

Kinasa sauti tunacho kimoja kwa mahakama mbili, kwa hiyo kila jioni lazima kifutwe. Kanuni ni kwamba kwanza unafungua faili humo humo ndani ya Kabati, unasikiliza dakika moja, ndipo unafuta. Mlinzi alikuwa ananichezeshea funguo mlangoni, anataka kufunga. Sijasikiliza. Nimefuta.

Ijumaa, 6 Machi

Nimebandika karatasi kwenye kompyuta zote tano: LIKITOKEA DIRISHA, BONYEZA RUHUSU. Mheshimiwa kanisifu mbele za watu, eti dada huyu asingekuwepo tungefunga mahakama. Kichwa kimenivimba kidogo. Kwa nini nikatae?

Jumatatu, 9 Machi

Wakili wa mwenye kiwanda amekuja kuomba nakala ya sauti ya mshonaji. Ni haki yake. Tunamwita Marashi, maana unamnusa kabla hujamwona. Nimemfungulia Kabati kwenye kompyuta ya mapokezi, amenakili mwenyewe kwenye flashi yake, kaenda garini.

Nusu saa baadaye karudi. Kasimama mbele ya meza yangu, kanitazama, katabasamu. Asante sana dada yangu, kasema, kazi nzuri.

Miaka saba hajawahi hata kuniitikia salamu.

Jumanne, 10 Machi

Mungu wangu.

Ijumaa Mheshimiwa anasikiliza tena ushahidi kabla ya kuamua kama mwenye kiwanda ana kesi ya kujibu. Nikasema niandae mapema. Nimefungua faili. Kimya. Nimeongeza sauti. Kimya. Nikaangalia ukubwa wa faili.

Sifuri.

Mafaili yote tangu Alhamisi ni sifuri. Ishirini na matatu, na yote tuliiamini tiki tu bila kusikiliza. Jina lipo, tarehe ipo, tiki ipo, ndani hamna kitu! Nimekimbilia kinasa sauti — siku tatu za talaka na mipaka ya mashamba zimeshaandikwa juu yake. Nimekiangusha.

Marashi anajua. Anajua tangu jana, alipofungua flashi yake garini. Na kanyamaza. Anangoja Ijumaa. Siku hizi Mheshimiwa haandiki tena kwa mkono, tulijisifu kwa hilo, tuna mitambo. Sauti ile ndiyo ushahidi wote. Isipokuwepo, mwenye kiwanda anatoka huru.

Na watu watauliza nani alifuta. Ni mimi. Tena nilimfungulia Marashi Kabati kwa mkono wangu, akaja kunishukuru mpaka mezani pangu. Watasema nimenunuliwa. Watasema lisemwalo lipo.

Sijamwambia mtu. Naogopa.

Jumatano, 11 Machi

Nimempigia fundi wa makao makuu. Nimemwambia ni faili la majaribio tu, nimedanganya. Kasema hakuna la ajabu: brauza mpya inakiruhusu kiplagini kufungua ukurasa, lakini hairuhusu tena kisome mafaili yaliyo ndani ya kompyuta au kwenye kifaa kilichochomekwa. Kwa hiyo kilikuwa kinapeleka jina tupu. Kabati likiona jina linatoa tiki. Na kule kushusha ulinzi? Kacheka. Dada, hukufungua mlango, umeng'oa kitasa tu.

Nikamuuliza, hakuna pa kutafuta? Kafikiri. Kasema kabla ya kupeleka, kiplagini hukata faili vipande na kuviweka kwenye folda ya vitu vya muda. Pengine kiliwahi kukata kipande kabla ya brauza kukizuia. Ila nisiizime kompyuta hata kidogo, ikizimwa vinafutika.

Tangu Alhamisi ile sijaizima. Mvivu wa kuzima mashine! Leo uvivu wangu nimeubusu.

Mchana nimempigia mshonaji, nimwombe arudi aseme tena. Simu haipatikani. Nimekwenda mpaka anapoishi. Jirani alinijibu mlango ukiwa nusu wazi: kahama Jumapili na wanawe, walikuja wanaume wawili kumuulizia, hajaaga mtu. Kisha akaniuliza, na wewe ni nani? Nimegeuka nimeondoka.

Baba watoto kaniona naosha sahani ile ile mara ya tatu. Kaniuliza nimeiba nini. Alikuwa anatania, mimi nikalia. Nimemwambia yote. Kasema ninyamaze. Mashine imeharibu, ihukumiwe mashine. Una watoto wawili, mke wangu, wale watu si wa kuchezea.

Nikamwambia yule mama naye ana watoto. Kaichukua ile sahani mkononi mwangu, kaifuta, kaiweka kabatini.

Alhamisi, 12 Machi

Nimefika wa kwanza. Mfagiaji alikuwa ameshashika waya wa kompyuta yangu, anataka kuchomeka mashine yake ya kusafishia — nimepiga kelele mpaka kaangusha ndoo! Maskini, nimemwomba radhi mara kumi.

Folda ya vitu vya muda ina takataka elfu na kidogo. Nimepanga kwa tarehe. Tano Machi, saa kumi na dakika hamsini. Faili moja, jina lake tarakimu tupu. Ukubwa wake si sifuri!

Nimelinakili kwanza kwenye flashi yangu. Mara mbili. Halafu nimevaa spika za masikioni.

Kipande cha kwanza tu. Dakika sita. Vingine brauza ilivizuia. Kiti kinaburutwa. Mheshimiwa anakohoa. Mshonaji anaapa, anataja jina lake, kazi yake, miaka aliyofanya pale kiwandani. Anaulizwa siku ile aliingia saa ngapi. Anapumua tu. Kisha inasikika sauti ya mwanamke mwingine, karibu kabisa na maikrofoni, inanong'ona:

Usiogope, mama. Sema tu. Kila neno linahifadhiwa.

Ni mimi.

Anashusha pumzi, anasema mlango ulikuwa — na hapo kipande kimekatika.

Nimesikiliza mara nne. Sauti yangu humo haitetemeki hata kidogo.

Tarishi yuko mlangoni. Mheshimiwa ananiita, kasema niende na faili la kesho. Nimeuliza yuko na nani. Kasema yuko na wakili, wameshaagiza chai. Hata hakuwa na haja ya kusema wakili yupi, harufu imefika mpaka huku.

Nimemwambia anipe dakika moja. Flashi ninayo mkononi. Nimebandua ile karatasi ya RUHUSU kwenye skrini yangu, na nyuma yake nimeandika yote niliyomsikia yule mama akisema baada ya neno "ulikuwa". Nani alifunga. Kwa amri ya nani. Nimeweka tarehe. Bado jina langu na sahihi.

Kalamu imegoma kuandika. Tarishi kanipa ya kwake.