Senti Kumi na Tatu kwa Siku

Makadara, Nairobi
2 Agosti 1971

Kwa Baba na Mama wapendwa,

Nawasalimu sana. Mimi ni mzima, mafua tu ya vumbi. Mama, goti lako linaendeleaje? Kabiru na Nyaguthii wanasoma, ama wanamaliza tu sukari ya dukani?

Kaeni chini kwanza. Nimepata ile nafasi ya kusomea unesi Uingereza! Ninaondoka kwa ndege Jumapili, tarehe 3 Oktoba. Nitakaa miaka mitatu bila kurudi, maana nauli ya kuja likizo sina.

Kwa hivyo nina ombi moja. Kuanzia tarehe 30 Septemba kuna Maonyesho ya Kilimo hapa, siku tatu, na mwaka huu wameleta mashine za kuchezea: bembea za kuzunguka, gurudumu linaloinua watu juu kuliko ghorofa, na magari madogo yanayogongana kwa makusudi. Njooni tukae pamoja siku hizo tatu, halafu mnisindikize. Tangu nizaliwe sijawahi kuona Baba na Mama wakipumzika siku moja.

Niambieni mtakuwa wangapi, nifanye hesabu ya kila siku.

Mimi binti yenu,
Mwihaki

*

Eldoret
10 Agosti 1971

Kwa binti yangu Mwihaki,

Pokea salamu zetu. Sisi tu wazima, goti la Mama linauma kukiwa na baridi tu, na hapa ni baridi kila siku. Aliposikia habari yako alipiga kelele mpaka wateja wakafikiri duka limevamiwa. Mimi sikupiga kelele, lakini nimewaambia watu wote sokoni, hata wale wasioniuliza.

Kuhusu hilo gurudumu: nilibebwa nyuma ya lori la mzungu miaka mitatu nikitapika bure. Leo unataka nilipe?

Halafu umeuliza tutakuwa wangapi. Mwihaki! Umekaa Nairobi mpaka umesahau kwamba watu hawahesabiwi? Mama yako amekataa katakata kutaja namba. Anasema watu wa nyumba wakishahesabiwa wanaanza kupungua. Ametia maharagwe kwenye bahasha hii, moja kwa kila atakayekuja. Hesabu maharagwe, watu uwaache.

Lakini usifurahi bado. Unajua kampuni yetu inanunua shamba la mzungu pale Kiplombe. Hisa yangu ni eka sita, na salio la shilingi mia nne lazima lilipwe kabla ya tarehe 25 Septemba, la sivyo hisa anapewa mtu mwingine. Hizo mia nne ziko kwenye kopo na sina nyingine. Kwa hivyo niletee hesabu yako, kila siku na bei yake, mpaka senti ya mwisho, nione kama kopo litavumilia.

Ni mimi baba yako,
Zachariah

*

Makadara, Nairobi
18 Agosti 1971

Baba mpendwa,

Habari za huko na baridi? Huku ni salama, ila nimeshtuka. Nimefungua bahasha, maharagwe yakamwagika mezani. Nilitegemea manne. Nimepata tisa! Hao wengine ni akina nani? Chumba changu kina kitanda kimoja na kiti kimoja, na kiti chenyewe ni cha kuazima.

Bei nimezifuata mwenyewe. Mlangoni mtu mzima ni shilingi mbili, mtoto moja. Chakula cha mchana ni hivyo hivyo, mbili na moja. Basi la mjini kwenda na kurudi ni senti themanini, mtoto arobaini. Kupanda mashine ni senti hamsini kwa kila mtu, mkubwa kwa mdogo, nami nimeweka mara mbili kwa siku. Soda ni senti hamsini. Treni ya daraja la tatu kutoka Eldoret ni shilingi ishirini na nane kwenda na kurudi, watoto nusu.

Nimeshindwa kujumlisha kwa sababu sijui haragwe lipi ni mtoto na lipi ni mzee. Yote yanafanana. Nisaidie, Baba.

Binti yako,
Mwihaki

*

Eldoret
28 Agosti 1971

Kwa Mwihaki,

Salamu. Hatujambo, na duka linaendelea.

Hayo maharagwe ni hivi. Bahasha ilikaa kwenye kaunta siku moja kabla ya kwenda posta. Rosebella, mke wa Nicanor Wanyama, yule karani wa stesheni jirani yetu, akaja kununua chumvi, akauliza ni ya nini. Kuambiwa tu, akatia lake, la mumewe na ya watoto wao wawili. Jioni akapita Mzee Ephantus, mwenyekiti wa kampuni yetu ya shamba, akasema anataka kuona ng'ombe wa gredi, wale wa maziwa mengi, huko Maonyeshoni. Akatia lake pia. Mimi nilitaka kuyatoa. Mama yako akanishika mkono. Anasema haragwe likishaingia halitolewi, kwa sababu kumtoa mtu ni kama kumzika. Hivyo ndivyo ulivyopata tisa.

Hao watajilipia, wameapa. Nimefanya hesabu ya nyumba yangu tu. Kila siku ni shilingi ishirini na senti arobaini. Siku tatu ni sitini na moja na senti ishirini. Tia treni, themanini na nne. Jumla mia moja arobaini na tano na senti ishirini. Ukigawanya, kila siku moja ni shilingi arobaini na nane na senti arobaini. Gunia zima la mahindi na zaidi, kwa siku moja ya kuzungushwa!

Nikitoa hizo kwenye kopo, hisa imekwenda. Nilifika Eldoret nikiwa kibarua kwenye shamba la mtu, na sitaki Kabiru awe hivyo. Basi safari hakuna. Tutaonana ukirudi. Nenda salama, usome kwa bidii.

Baba yako,
Zachariah

*

Makadara, Nairobi
11 Septemba 1971

Kwa Baba,

Natumaini nyote ni wazima. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa na hasira, na sikutaka kukuandikia nayo.

Hesabu yako ni sawa, nimeirudia. Lakini umegawanya kwa siku tatu, na mimi naona ungegawanya kwa siku nyingine. Kutoka tarehe 3 Oktoba mpaka nirudi ni siku elfu moja na tisini na sita, maana Februari ya mwaka ujao ina siku ishirini na tisa. Hizo zote sitawaona. Ukigawanya zile shilingi mia moja arobaini na tano na senti ishirini kwa siku hizo, unapata senti kumi na tatu kwa siku. Hazinunui hata andazi.

Shamba nalijua, Baba. Hizo mia nne nimeziona zikiingia kwenye kopo moja moja. Sikulaumu. Lakini naumia, na nimeona afadhali nikuambie kuliko kuondoka nayo moyoni.

Msalimie Mama.

Mwihaki wako

*

Eldoret
20 Septemba 1971

Mwihaki, wewe uliye na jina la mama yangu,

Uhali gani? Sisi tuko vizuri, na leo hata goti limetulia.

Nilimsomea Mama yako barua. Alisonga ugali, akaniwekea sahani, akaenda kwa Rosebella. Nikala peke yangu na zile senti kumi na tatu.

Nikwambie ukweli. Pesa zilikuwa shida, lakini pia nilizishukuru, kwa sababu zilinipa neno la kusema. Tulipotoka Nyeri mwaka wa 1964 nilimwambia mama yangu nitarudi Krismasi. Unajua jinsi ilivyokuwa: tulirudi kumzika. Mimi kuaga siwezi, Mwihaki. Naogopa. Niliona heri nisingizie shamba.

Sasa sikiliza. Wanyama amekuwa akitafuta ardhi muda mrefu. Nimemwachia eka mbili kati ya zile sita, naye amelipa salio la mia nne kabla ya siku ya mwisho. Mzee Ephantus ameandika majina yetu wawili kwenye hisa moja. Alitaka kubisha, nikamkumbusha haragwe lake. Kwa hivyo kopo liko huru. Tunakuja sote, na kinachobaki tutakununulia koti zito, maana nasikia huko ni baridi kuliko Timboroa.

Wanaume watalala kwa binamu yake Wanyama huko Kaloleni. Nyinyi wengine mtajibana kwenye kitanda chako. Kuwa stesheni Jumatano asubuhi.

Baba yako,
Zachariah

*

Eldoret
11 Oktoba 1971

Kwa binti yangu Mwihaki, Uingereza,

Tunatumaini umefika salama na koti linatosha. Sisi tu wazima. Kura ya kugawa mashamba ilipigwa Jumamosi, tumepata kipande chenye udongo mwekundu mzuri, na Rosebella ameshaanza kubishana na Mama yako kuhusu mpaka wa kuku.

Ulikuwepo, lakini nataka hesabu ya safari yetu iwe kamili.

Siku ya kwanza: shilingi ishirini na mbili na senti tisini. Zilizozidi ni za Mama yako, aliyesema atapanda gurudumu mara moja tu aone kinachofanya watu wapige kelele, akapanda mara saba.

Siku ya pili: ishirini na senti tisini. Soda moja zaidi ni ya Mzee Ephantus, ya kutuliza tumbo, baada ya kupiga kelele akiwa juu kwamba yeye ni mwenyekiti na mashine isimamishwe mara moja. Mimi nilipanda mara mbili na sikutapika. Andika hivyo kwa rafiki zako.

Siku ya tatu: ishirini na tano na senti arobaini, pamoja na picha, shilingi tano. Nyaguthii amefumba macho, lakini wewe umetoka vizuri. Tumeitundika dukani juu ya mizani.

Siku ya nne, uwanja wa ndege: basi kwenda na kurudi, shilingi mbili na senti arobaini. Chakula hakuna, hakuna aliyetaka kula.

Hiyo ya nne nimeijumlisha mara tatu, kila mara nikifikiri kuna kitu nimesahau kuandika. Nimemsomea Mama yako. Anasema hesabu haina kosa, nifunge bahasha.

Ni mimi baba yako,
Zachariah