Kumwomba Bi Hayashi Asimame

Mwaitu, mama yangu mpendwa,

Habari ya hapo nyumbani Kabati? Mguu wako unaendelea vipi, na ndengu zimetoa maua? Mimi niko mzima, na leo nina furaha, wacha nikueleze.

Hapa Japani, katika nyumba ya wazee ninakofanya kazi, kuna nyanya anaitwa Bi Hayashi. Alikuwa mwalimu. Kwa wiki tatu alikataa nimwogeshe. Nilikuwa namwambia, "Tatte kudasai," yaani simama tafadhali, naye anageukia ukuta. Msimamizi akaniambia nisipoelewana naye nitarudishwa jikoni kuosha vyombo. Mwaitu, nililia chooni.

Mwenzangu Fumiko ndiye alinifungua macho. Akasema, "Hiyo tafadhali yako bado ni amri. Mtu mzima kama yule haamrishwi, anaombwa fadhili." Akanifundisha kusema "Tatte itadakemasen ka," ni kama kuuliza, je, naweza kupata kwako fadhili ya kusimama? Nilirudia hayo maneno nikipika, nikifua, hata kanisani.

Jumanne nikapiga magoti mbele yake, ulimi ukateleza. Badala ya itadakemasen ka nikasema itadakimasu, neno wanalosema hapa wakitaka kuanza kula.

Bi Hayashi akaniangalia. "Unataka kunila nikiwa nimesimama?"

Nikaona kazi imeisha. Lakini mabega yake yakaanza kutikisika. Alikuwa anacheka, Mwaitu, mpaka Fumiko akaja kuangalia kuna nini.

"Sema tena," akaniambia, sauti ya mwalimu kabisa. Nikasema. "Polepole." Nikasema mara ya nne, ndipo akanipa mkono, akasimama.

Tangu siku hiyo ananifundisha kila asubuhi. Nikiomba vibaya, hasogei. Msimamizi hazungumzii tena mambo ya jikoni.

Na jana nilipoingia, kabla sijafungua mdomo, yeye ndiye aliinamisha kichwa. Akaniuliza, kwa maneno yale yale ya heshima, kama anaweza kupata kwangu fadhili ya kuoshwa nywele. Mimi, mtoto wako. Nilimwosha taratibu, maji yakiwa ya vuguvugu, akalala usingizi kwenye kiti.

Nisalimie Baba, na Susu, mama yake, umwambie naombea macho yake. Mumbua dada yangu asome kwa bidii. Salamu pia kwa mama mchungaji aliyeniombea siku ya safari.

Ni mimi binti yako anayekupenda,
Mwende