Valvu Mbili na Mkono wa Boaz Barasa

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Thika, 16 Juni 1958

Jina: Nyawira binti Kagwe. Umri: miaka 16. Kazi: mwanafunzi. Makazi: Gitothua, Ruiru.

Ninaishi kwa baba yangu mdogo, Gathogo, fundi wa redio.

Mnamo Jumamosi, tarehe 14 Juni 1958, saa tatu asubuhi, mpiga gitaa Boaz Barasa alituletea kipaza sauti cha gitaa cha ukumbi wa Thika. Ndani yake mna valvu, zile taa za kioo zinazokuza sauti, na moja kati ya mbili kubwa ilikuwa imekufa. Baba mdogo aliweka mpya, akaiacha kando yake ile nyingine ya zamani iliyokuwa bado nzima. Nilimwambia polepole kuwa kitabuni nimesoma valvu hizo lazima zilingane, kisha ipimwe ile volti ndogo inayozizuia zisivute umeme kupita kiasi.

Akasema, "Hicho kitabu chako kimeshika chuma cha kulehemu lini?"

Boaz alicheka.

Saa nane mchana tulikuwa ukumbini. Fyuzi ilikatika mara mbili. Boaz akasema, "Fundi, tuache. Kuna shida hapo ndani."

Baba mdogo akajibu, "Watu wamejaa hivi, unataka niaibike?"

Fyuzi ilifungwa karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara ili umeme upite hata ikikatika, ikarudishwa.

Saa nane na dakika arobaini nilichungulia nyuma ya kipaza sauti. Valvu ya zamani ilikuwa sawa. Mpya ilikuwa nyekundu kama kaa. Transfoma ilifuka moshi, moto ukashika pazia. Boaz aliliacha gitaa, akaingiza mkono motoni na kung'oa waya wa umeme.

Nimesikia amefungwa akidhaniwa ndiye aliyewasha moto, kwa sababu ya mkono huo, na kwa kuwa aligombana na msimamizi wa ukumbi. Mkono uliungua akizima.

Baba mdogo aliwaambia ninyi polisi kuwa hajui lolote. Ananingoja hapo nje kwenye benchi. Karatasi ya sigara niliifunga mimi, maana vidole vyangu ni vyembamba. Yeye ndiye aliyeniambia niifunge. Kabla hamjafika niliitoa fyuzi, nikaificha kitabuni. Hii hapa.

Nimesema niliyoyaona na niliyoyafanya. Haya ndiyo maelezo yangu.

Sahihi: Nyawira Kagwe

Maandishi ya afisa: Nimemsomea shahidi, amekubali ni sawa. Nimepokea fyuzi moja iliyofungwa karatasi. Shahidi aliomba kutokea mlango wa nyuma. Nimemjulisha kuwa kituo kina mlango mmoja.
Koplo Ndambuki